Flashi inasomeka, muvi haichezi: namna ya kuchagua kifaa cha kutazamia video kwenye TV

Malipo ya korosho yakianza kuingia kwenye akaunti za wakulima, maduka ya vifaa vya umeme ya Mtwara mjini, Masasi, Newala na Tandahimba hubadilika sura. TV zinafungwa kwa mipira nyuma ya bodaboda, na vijana wa dukani wanajibu swali lile lile tangu asubuhi hadi jioni: "Hii inasoma muvi?" Nao hujibu kwa kujiamini: "Inasoma kila kitu." Siku chache baadaye mteja anarudi na flashi mkononi. Picha ipo, sauti hakuna. Au sauti inasikika, skrini nyeusi. Au muvi tatu zinacheza na ya nne inakataa, na zote kaziingiza duka moja, siku moja.

Mara nyingi hapo ndipo anapouziwa kifaa cha pili. Anaambiwa TV yake "haina nguvu", achukue boksi la Android. Wapo wanaolihitaji kweli. Lakini wengi niliowaona wakitoa hela hiyo, shida yao ilikuwa faili au flashi, na ingetatuliwa kwa dakika chache bila kununua chochote. Hela ya korosho ni jasho la mwaka mzima, na inaniuma kuona sehemu yake ikiishia kwenye kiboksi kinachokaa kabatini kwa sababu tu hakuna aliyemweleza mtu jambo hili kwa utulivu.

Kila kifaa na kazi yake

King'amuzi ni kifaa kinachopokea matangazo ya TV, kwa antena au kwa dishi, na kuyageuza yawe picha na sauti. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, king'amuzi kimekuwa kitu cha kawaida sebuleni, na watu wengi wamezoea kuita king'amuzi kiboksi chochote kinachokaa chini ya TV. Baadhi ya ving'amuzi vina tundu la USB na vinaweza kuchezesha video za flashi, ila hiyo ni kazi ya ziada, na aghalabu vinaifanya kwa kusuasua.

Deki inacheza CD na DVD. Nyingi za miaka ya karibuni zina tundu la USB pia, lakini uwezo wake umebaki pale pale ilipotoka kiwandani.

TV ya kawaida yenye USB ina kichezeo kidogo cha video ndani yake. Smart TV ni TV yenye kompyuta ndogo ndani: inaunganishwa na intaneti na kuwekewa programu. Boksi la Android, na mdogo wake stiki, ni hiyo kompyuta ndogo ikiwa imewekwa nje ya TV. Unaichomeka kwenye tundu la HDMI, na TV isiyo smart inapata uwezo wa smart TV. Boksi la namna hii halinasi matangazo ya hewani. Anayelinunua akidhani ameachana na king'amuzi na dishi atashangaa siku bando likiisha.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize video unazotazama zinaingia nyumbani kwako kwa njia gani. Ziko njia tatu: hewani, kwa flashi, au kwa intaneti. Kila njia ina kifaa chake, na mtu wa Liwale anayeletewa muvi kwa flashi hana sababu ya kununua kile anachonunua mtu wa Shangani, Mtwara mjini, mwenye intaneti ya waya nyumbani.

Gunia si korosho

Jambo linalowachanganya watu kuliko yote ni hili, nami nitakaa nalo kidogo.

Kila faili la video lina herufi mwishoni mwa jina lake: .mp4, .mkv, .avi. Watu husema "TV yangu inasoma MP4" wakidhani wametaja aina ya video. Herufi hizo zinataja gunia tu. Ndani ya gunia mna korosho ghafi, na korosho ghafi hailiwi mpaka ibanguliwe.

Video ikiachwa kama ilivyo, bila kubanwa, muvi ya saa mbili yenye picha ya Full HD ingezidi terabaiti 1. Hakuna flashi ya kawaida ya kuibeba. Ndiyo maana picha hubanwa kwa njia maalumu inayoitwa kodeki, na kifaa cha kuchezea lazima kiijue njia hiyo ili kuifungua. Hapo ndipo kwenye kubangua. Mashine iliyotengenezwa kwa ganda la aina moja haiwezi ganda la aina nyingine, hata kama magunia yote mawili yameandikwa jina moja kwa nje. Faili mbili zote ni .mp4, moja inacheza na nyingine inakataa, na TV ni nzima kabisa.

Kodeki utakazokutana nazo huku mtaani ni chache. DVD hutumia MPEG-2. Muvi za zamani zilizomo kwenye .avi nyingi zilibanwa kwa Xvid au DivX. Kisha ikaja H.264, iliyotoka mwaka 2003, na hadi leo ndiyo inayofunguliwa na vifaa vingi kuliko nyingine yoyote. Mwaka 2013 ikatoka H.265, ambayo watu huiita pia HEVC. Inabana video ya ubora ule ule hadi karibu nusu ya ukubwa wa H.264. Mwaka 2018 ikafuata AV1, inayotumiwa zaidi na huduma za mtandaoni kama YouTube na Netflix.

Sasa fikiria duka la kuingiza muvi. Mwenye duka ana hadidiski yenye nafasi maalumu na wateja wanaotaka muvi nyingi kwenye flashi ndogo. Faili la H.265 ni dogo, kwa hiyo analipenda. Kaiweka muvi mpya ya H.265 pamoja na tatu za zamani za H.264. Ukifika nyumbani, kama TV yako ni ya HD ya bei ndogo, huenda chipu yake haikuwekewa uwezo wa kufungua H.265. Tatu zinacheza, ya nne inatoa sauti tu. TV nyingi za 4K zinaifungua H.265 bila shida. Za inchi 24 au 32 za bei ya chini, nyingi haziiwezi.

"Mbona kwenye simu yangu inacheza?" Swali la haki kabisa. Simu ina chipu mpya zaidi, au ina programu kama VLC inayofungua video kwa kutumia nguvu ya kompyuta ya simu hata pale chipu ya video isipoijua kodeki hiyo. TV ya bei ndogo haina nguvu hiyo ya akiba. Kinachotegemewa ni chipu yake, na chipu ilivyotoka kiwandani ndivyo itakavyobaki. Fundi anayekuahidi "kuiapdeti isome" TV isiyo na intaneti wala sehemu ya kuweka programu, mwombe akuonyeshe kwanza kabla hujamlipa.

Kuna pia H.264 ya biti 10, inayopatikana hasa kwenye katuni za Kijapani. Jina ni H.264, lakini karibu kila chipu ya TV huikataa. Kijana wako akilalamika kuwa katuni zake tu ndizo hazichezi, anzia hapo.

Picha ipo, sauti hakuna

Mama mmoja wa Masasi alipeleka TV kwa fundi akiamini spika zimekufa. Sehemu nyingine alikuwa ameshaambiwa anunue sabufa. Fundi akaiwasha TV, akaweka chaneli ya kawaida. Sauti ikajaa kibanda kizima. Akamwomba flashi.

"Mama, spika zako ni nzima. Sauti ya hii muvi ndiyo TV haiijui."

"Sasa muvi na sauti yake si kitu kimoja?"

"Hapana mama. Zimewekwa pamoja tu, kila moja na aina yake."

Akaifungua faili ile kwenye VLC ya laptopu, akaenda sehemu ya taarifa za kodeki, akamwonyesha kwa kidole mstari wa sauti: DTS. Akaigeuza sauti peke yake kuwa AAC bila kuigusa picha. Dakika chache, muvi ikaongea.

Alichomweleza ndicho hasa. Ndani ya gunia moja mna picha iliyobanwa kwa kodeki yake na sauti iliyobanwa kwa kodeki yake. Za sauti zinazojulikana ni MP3, AAC, AC3 ambayo ni Dolby Digital, na DTS. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosumbua watu, kwa sababu mtengenezaji wa TV anatakiwa kuilipia leseni na wengine wameamua kuiacha. Samsung iliiondoa DTS kwenye TV zake kuanzia za mwaka 2018. LG nayo ikaiacha kwenye za 2020, ikairudisha kwenye baadhi ya TV zake za 2023. Kwa hiyo inawezekana kabisa TV mpya ya bei kubwa ikashindwa sauti ambayo TV ya zamani ya jirani inaitoa vizuri. Anayesema "bei kubwa inasoma zaidi" amekosea, na hili ndilo la kumwonyesha.

Kama TV yako ni smart inayotumia Android TV au Google TV, dawa ni nyepesi: weka VLC au Kodi. Zote ni za bure, na zinafungua DTS zenyewe. VLC ilianzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja cha Ufaransa mwaka 1996, na hadi leo haina matangazo wala haidai malipo. Ukikutana na VLC inayokudai hela, hiyo si yenyewe. TV za Samsung na LG zina mfumo wao tofauti na Android, kwa hiyo huko VLC haipatikani. Itabidi ugeuze sauti ya faili, au uchomeke boksi.

Flashi nayo ina mambo yake

Kabla faili halijafunguliwa, TV inatakiwa iweze kuisoma flashi yenyewe. Flashi hupangwa kwa mfumo fulani: FAT32, exFAT au NTFS. Karibu kila TV, deki na king'amuzi kinasoma FAT32. Tatizo la FAT32 ni kwamba haikubali faili moja linalofika GB 4. Flashi ina GB 32, tupu, na muvi ya GB 6 inagoma kuingia. Watu hudhani flashi ni mbovu. Ni nzima, mfumo ndio unaozuia. Ukiibadilisha kuwa exFAT au NTFS faili litaingia, lakini sasa TV nyingine hazitaiona flashi kabisa. Kitabu cha maelezo cha TV hutaja mifumo inayoikubali, na kama kitabu kilishapotea, jaribu. Kumbuka tu kwamba kubadilisha mfumo kunafuta kila kilichomo.

Halafu kuna flashi feki. Flashi iliyoandikwa TB 2 inayouzwa kwa bei ya GB 16 huwa imechakachuliwa: imewekewa programu inayoidanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake. Mafaili ya mwanzo yanacheza. Ukipita uwezo wake halisi, yanayofuata yanaandikwa hewani, majina yanaonekana lakini ndani hamna kitu. Mtu anailaumu TV, anamlaumu mwenye duka la muvi, kumbe ni flashi. Ijaze mpaka mwisho siku ya kwanza, kisha fungua mafaili ya mwisho uone.

Hadidiski ya nje inahitaji umeme zaidi. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa miliampia 500, na hadidiski nyingine, hasa zilizozeeka, zinataka zaidi ya hapo wakati wa kuanza kuzunguka. Ukisikia inagonga tik-tik na TV haiioni, umeme hautoshi. Zile kubwa za inchi 3.5 lazima ziwe na adapta yake ukutani.

Anza na ulichonacho

Kwa watu wengi wa mikoa yetu hii, ninachoshauri ni hiki: usinunue kitu mpaka umeijaribu TV uliyonayo. Chukua flashi moja yenye FAT32, weka video fupi kadhaa za aina tofauti: moja ya H.264 yenye sauti ya AAC, moja ya H.265, moja yenye DTS, moja ya Xvid kama bado unatazama muvi za zamani. Kijana yeyote wa duka la muvi mwenye kompyuta anaweza kukuandalia. Andika pembeni ipi imecheza. Flashi hiyo hiyo ndiyo ya kwenda nayo dukani siku ukinunua TV au boksi. Muuzaji akikataa usiijaribu, umepata jibu lako.

Muvi zilizotafsiriwa, zile za sauti ya mtafsiri juu ya picha, nyingi ni faili ndogo za H.264 au Xvid zenye sauti ya MP3 au AAC. Kama hizo ndizo zinazotazamwa nyumbani kwako, USB ya TV nyingi inatosha na boksi halitakuongezea chochote. Vivyo hivyo kwa mwenye kibanda umiza wa Nanyamba au Nyangao anayeonyesha muvi za flashi: mwambie mtu wa duka la muvi, "Nipe H.264, sauti AAC," na matatizo mengi yatakwisha hapo hapo kwenye kaunta.

Mwenye TV ya chogo ana la ziada la kuangalia. TV hizo zina matundu matatu ya rangi: njano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia. Deki zinaingia moja kwa moja. Maboksi mapya mengi yana HDMI tu, kwa hiyo utahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda kwenye matundu hayo, na picha itashuka iwe ya kiwango cha TV yenyewe. Boksi lililoandikwa 4K halifanyi TV ya chogo, wala TV ya HD, iwe 4K. TV ina vidoti vyake tangu kiwandani. Ya HD ina 1280 kwa 720 au karibu na hapo, Full HD 1920 kwa 1080, 4K 3840 kwa 2160. Na muvi ya MB 700 iliyobanwa hovyo itabaki na ukungu wake kwenye skrini yoyote.

Ukiamua kununua boksi

Hapa ndipo penye hatari zaidi.

Yapo maboksi ya aina mbili. Ya kwanza yamethibitishwa na Google na yanatumia Android TV au Google TV, mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya TV. Ya pili yanatumia Android ya wazi ambayo kiwanda chochote kinaweza kuichukua, bila uthibitisho wowote. Kwa nje yote ni viboksi vyeusi. Ukiyawasha utaona tofauti: lililothibitishwa linafungua ukurasa wenye jina la Android TV au Google TV, na rimoti yake kwa kawaida ina kitufe cha kuongea. Lisilothibitishwa mara nyingi linafanana na simu kubwa iliyolazwa kwenye skrini, na rimoti yake haiwezi kuendesha nusu ya programu zake mpaka uchomeke mausi.

Kwanini ujali? Sababu ya kwanza ni picha. Netflix na huduma zinazofanana nayo hukagua uthibitisho kabla ya kutoa picha ya HD. Kwenye boksi lisilothibitishwa zinagoma, au zinakupa picha ya kiwango cha chini hata kama umelipia kifurushi kikubwa.

Sababu ya pili ni usalama, na hii ni nzito. Mwaka 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Doctor Web ya Urusi ilitangaza kukuta programu hasidi iitwayo Vo1d kwenye maboksi ya TV yapatayo milioni 1.3 katika nchi 197. Juni 2025, FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu mtandao wa vifaa vilivyoambukizwa uitwao BADBOX 2.0, ambao umeingia kwenye maboksi ya TV na vifaa vingine vya bei rahisi, vingine vikiwa vimeambukizwa kabla mteja hajavifungua. Boksi la namna hiyo linaweza kupitisha mambo ya wahalifu kupitia intaneti ya nyumbani kwako. Kwa mtu anayetumia bando, maana yake ni wazi: GB zinaondoka usiku hujatazama kitu. Na kama boksi liko kwenye waifai moja na simu yenye akaunti yako ya benki, hilo si jirani wa kumkaribisha.

Usiamini sana maandishi ya kasha. "8K", "RAM 8GB", "128GB", na namba ya toleo la Android huandikwa bila aibu kwenye vifaa ambavyo ndani havina hata nusu yake, na hata ukurasa wa mipangilio unaweza kuwa umechezewa useme uongo ule ule. Kwa kutazama video kwenye TV ya Full HD, boksi lenye RAM ya GB 2 na hifadhi ya GB 8 linafanya kazi yake vizuri kama limethibitishwa na linafungua H.265. Afadhali stiki ndogo ya kampuni inayojulikana kuliko boksi kubwa lenye antena nne na jina ambalo hujawahi kulisikia.

Na zile programu za "chaneli zote bure, mechi zote bure" zinazokuja tayari ndani ya boksi? Ni matangazo ya watu yanayorushwa bila ruhusa. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na anayeonyesha mechi kwa viingilio kupitia programu hizo yuko pabaya zaidi kuliko anavyodhani. Mbali na sheria, hukatika katikati ya kipindi cha pili, kisha hupotea moja kwa moja, na aliyekuuzia hana wa kumdai. Boksi linalosifiwa kwa chaneli za bure peke yake, mimi nisingelinunua.

Bando, umeme na chumvi

Netflix wenyewe wanaeleza kuwa saa moja ya picha ya kawaida hula hadi GB 1, ya HD hadi GB 3, na ya 4K hadi GB 7. Muvi moja ya saa mbili kwa HD ni GB 6. Piga hesabu hiyo kwa bei ya bando lako kabla ya kununua kifaa cha intaneti. Ukitumia hotspoti ya simu, ingia kwenye mipangilio ya programu na ushushe ubora wa picha mwenyewe, kwa sababu ikiachwa ijichagulie itachukua ubora wa juu kadiri mtandao unavyoruhusu. Programu nyingi zinakubali kupakua kwenye simu usiku. Ni vyema ujue pia kuwa nyingi haziruhusu muvi uliyoipakua humo kuhamishiwa kwenye flashi.

Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini kusini mwetu, intaneti ilizorota nchi nzima. Aliyekuwa na hadidiski ya muvi aliendelea kutazama. Hata mwenye intaneti nzuri, chagua kifaa chenye tundu la USB. Stiki nyingi hazina tundu la flashi, maboksi mengi yanalo.

Stiki ina jambo jingine: watu huichomeka kwenye USB ya TV ili ipate umeme. Ile miliampia 500 haitoshi stiki nyingi, nazo huanza kujizima na kujiwasha katikati ya muvi. Tumia chaja iliyokuja nayo. Kwa wanaotumia sola Nanyumbu, Ruangwa au vijijini Newala, stiki na maboksi madogo ni rafiki, kwa kuwa hula wati chache tu na kwa kawaida hutumia volti 5. TV ndiyo inayomaliza betri. Ila usiunganishe boksi la volti 5 kwenye waya wa betri wa volti 12 hata kama plagi inaingia. Litaungua mara moja. Vipo vigeuzi vya kushusha volti, hivyo hivyo vya kuchajia simu kwenye gari, na bei yake ni ndogo. Kwenye umeme wa TANESCO unaopanda na kushuka, TV na boksi viwe nyuma ya kilinda umeme kimoja.

Pwani, kuanzia Mikindani hadi Lindi mjini na Kilwa Masoko, hewa ya chumvi hula matundu. HDMI inayokata picha ukiigusa mara nyingi ina kutu kwenye meno. Zima kila kitu, futa kichwa cha waya kwa spiriti, kiache kikauke, kisha ujaribu tena kabla ya kwenda kwa fundi. Waya wa HDMI wa bei kubwa haung'arishi picha kuliko wa bei ndogo ulio mzima; kwa mita moja au mbili ndani ya nyumba, unachohitaji ni ulioshika vizuri.

Ukishalipa, dai risiti ya EFD na uandikishe juu yake jina kamili la boksi au TV pamoja na muda wa kurudisha. Kisha usiku huo huo chezesha ile flashi yako ya majaribio yote, mwanzo hadi mwisho, ukiwa bado ndani ya muda huo.